Asiseme "ni kweli" kabla hajajua uzururaji ni nini

Dadangu, kakako asikubali kitu kesho kortini! Umesema ameshikwa Kondele, Kisumu, usiku, shtaka ni "vagrancy", yaani uzururaji, na askari amemshauri akubali, alipe faini, aende zake. Unauliza neno hilo lina maana gani na kama ni sawa na kukosa makao. Ushauri huohuo ndio ulioniponza.

Nilishuka Nakuru saa kumi alfajiri kwa basi la kutoka Busia. Nikakalia begi langu pale steji, nikingoja kupambazuke niende kwa dada Kaptembwo. Askari wakaniuliza nafanya kazi gani. Nikajibu sina, ndiyo nimekuja kutafuta. Nikatupwa ndani ya lori. Humo mmoja wao akatuambia, "Kubalini wote, hakimu hapendi wabishi." Kortini shtaka likasomwa kwa Kiingereza, mbiombio. Jirani yangu kizimbani akaninong'onezea, "Wanauliza kama huna kazi." Nikasema ni kweli. Kwani nilikuwa na kazi?

Faini dada alikopa, tukalipa, nikadhani yamekwisha. Baada ya miaka miwili nikapata kazi ya ulinzi, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole nipate cheti cha tabia njema. Cheti kikaja na hukumu yangu imeandikwa. Kazi akapewa mwingine. Yule askari alitaka tu kumaliza mafaili yake, na mpaka leo nikimkumbuka moyo unachemka. Alijua tulikuwa hatuelewi!

Kukosa makao au kazi si uzururaji, hata kidogo. Shtaka la uzururaji linadai ulikutwa mahali katika hali ya kuonyesha una nia mbaya. Wakoloni ndio waliotuletea sheria hizi ili kuwafukuza Waafrika mijini. Hapa Kenya ile Sheria ya Uzururaji yenyewe ilifutwa 1997, lakini vifungu vya aina hiyo vikabaki katika Kanuni ya Adhabu, ile sheria inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, kule Arusha, ilisema sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu.

Kwa hiyo shtaka likisomwa, aseme haelewi na aombe mkalimani. Katiba ya Kenya, kifungu cha 50, inampa mkalimani bila malipo. Akishaelewa, na kama hakuwa na nia mbaya, ajibu: "Si kweli." Hata wenzake wote wakikubali. Nenda kituoni usiku huu umwambie mwenyewe, usimtume mtu.