Gari linachemsha likipanda Newala: ni hedi au ni rejeta?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Lindi, nabeba samaki wa barafu kwenda Masasi na Newala kwa Toyota HiAce ya mizigo ya mwaka 1996, injini ya 3L. Kwenye tambarare haina neno, ila nikianza mlima wa Newala kutokea Masasi mshale wa joto unapanda mpaka nasimama. Fundi wa kwanza alitoa termostati, akasema kwenye joto letu haina kazi. Wa pili anasema gasketi ya hedi imeungua, anataka laki tisa. Nilipe, au niuze gari nitafute jingine? Na kwa gari la umri huu nitenge kiasi gani cha matengenezo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hizo laki tisa zishike kwanza. Fundi wako wa pili anaweza kuwa amepatia, lakini hujasema popote kwamba alipima kitu, na hedi, yaani kichwa cha injini, haifunguliwi kwa kukisia. Gasketi, ile pakiti inayoziba kati ya hedi na injini, ikiungua sawasawa haisubiri mlima. Inakula maji kila siku, hata ukiwa Mtama kwenye barabara iliyonyooka. Gari lako linafika Masasi salama, kisha linashindwa pale tu injini inapofanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, upepo wa mbele ukiwa haupo. Mimi hapo naanza kuutazama mfumo wa kupoza, na nauanza kwa kitu cha bei rahisi.

Nianze na termostati, ule mlango mdogo unaofunguka maji ya injini yakipata moto, kwa sababu hili linaniuma kila siku hapa Mtwara. Kwenye injini nyingi za Toyota kifaa hiki kina sahani ya chini ambayo, termostati ikifunguka, huziba njia ya mkato ya maji. Ukikitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kabisa kwenye rejeta inayoyapoza. Kwa hiyo aliyekutolea ili gari lipoe huenda ndiye aliyekuongezea joto la mlimani. Nunua mpya, iliyoandikwa nyuzi 82 au karibu na hapo. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na uwashe moto: inatakiwa ifunguke kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Kisha kifuniko cha rejeta. Kazi yake ni kushikilia presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Springi yake ikilegea, maji yanatokota mapema na kumwagika kwenye chupa ya akiba, nawe unadhani ni hedi. Rejeta yenyewe ichungulie kwa tochi kutoka chini. Kwenye HiAce hiyo injini iko chini ya viti na rejeta iko chini mbele, inapokea vumbi na tope lote la barabara. Isafishwe kwa maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo, maana mapezi yake membamba yakilala umeiua. Kama umekuwa ukijaza maji ya kisima chenye chumvi, ndani nako kumeganda. Ipeleke kwa fundi rejeta aizibue, na kuanzia hapo tumia koolanti tu, yaani maji maalumu ya kupozea injini.

Feni ipime injini ikiwa imezimwa, baada ya gari kupata moto. Izungushe kwa mkono. Ikikaza kidogo, ni nzima. Ikizunguka huru kama pangaboi, klachi yake inayoishikanisha na injini imekufa, na hicho peke yake kinatosha kukuchemshia gari mlimani huku tambarare ukitamba.

Sasa hedi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji hadi juu, kisha mwambie mtu awashe. Tazama maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea mfululizo dakika baada ya dakika na mtu akikanyaga mafuta yanaongezeka, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Asubuhi nyingine, kifuniko kikiwa kimefungwa, washa na ushike paipu ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu kama jiwe kabla injini haijapata moto, jibu ni hilohilo. Angalia oili pia kwenye kijiti. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena.

Ukikuta dalili hizo, lipa, lakini muulize fundi laki tisa zinabeba nini. Hedi za injini hizi zikichemshwa mara kwa mara hupasuka, na ufa mara nyingi hauonekani kwa macho. Lazima ipelekwe karakana ipimwe kwa presha, na uso wake unyooshwe. Ukifunga gasketi mpya juu ya hedi yenye ufa, umelipa mara mbili. Pia 3L inatumia mkanda wa taimingi, unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayokukumbusha. Hedi ikishuka, mkanda umeshatolewa tayari, kwa hiyo weka mpya hapohapo. Kazi ni ileile na unaongeza bei ya mkanda tu. Ukikatika barabarani, valvu zinagonga pistoni na hesabu inaanza upya.

Kwa gharama, zipange hivi kichwani: kifuniko, termostati na koolanti ni makumi ya elfu. Rejeta, klachi ya feni na hedi yenyewe ni malaki. Hedi ikiwa na ufa, au injini ya kubadilisha, unagusa milioni na kupita. Ndiyo maana nakusihi uanze chini. Na gari la umri huu linalofanya kazi kila siku, liwe na angalau laki tano zake zisizoguswa, maana klachi, krosi za propela na bushi za mbele hazitoi taarifa.

Suala la kuuza haliamuliwi na injini. Injini inabadilishwa. Wewe unabeba samaki wa barafu, na maji yale ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye makasha yanapita kwenye sakafu na kulala juu ya mihimili ya chini. Ingia chini na bisibisi. Gonga na uchokonoe pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, pande zote mbili. Bisibisi ikizama, usitie hata shilingi kwenye hedi. Liuze, na umwambie mnunuzi ukweli. Mihimili ikiwa migumu, gari hilo bado linafaa kutengenezwa. Toboa sakafu sehemu moja, weka mpira wa kushusha maji hadi chini ya chasisi, na kila ukirudi Lindi osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Ukiwa huko chini, fuata paipu za breki kwa vidole. Zikiwa na magamba ya kutu, badilisha zote. Nimeona magari yaliyokabwa paipu ya gurudumu moja kwa skrubu ili safari iendelee, kisha yakashuka mlima ule wa Newala na mzigo. Usikubali, hata kama samaki wanaharibika.

Na upime mzigo. HiAce nyingi za mizigo zimetengenezwa kubeba kama tani moja na kidogo, na barafu nayo ni mzigo. Ukimaliza samaki ukahamia korosho, magunia 12 ya kilo 80 tayari ni kilo 960. Ukiweka 20, hata rejeta mpya itashindwa kupanda.

Kesho asubuhi, injini ikiwa bado baridi, fanya lile jaribio la mapovu, kisha niandikie ulichokiona. Msimu wa korosho ukianza Oktoba gereji zetu hujaa, na spea ya kuagiza Dar es Salaam husafiri kwa basi siku nzima, barabara ikiwa wazi. Mei 2024, mafuriko yalipokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, hakukuwa na basi la kuileta.