Mdogo wangu, skizofrenia na sauti za ghafla: mambo ya kufanya nyumbani

Ukiishi na mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, utayaona haya. Sufuria inadondoka jikoni, yeye hageuki. Baadaye mlio wa feni iliyokuwa ikizunguka tangu asubuhi unamtoa chumbani, anauliza kwa nini tunamsumbua. Masikio yakipimwa, mazima. Nimemlea mdogo wangu tangu alipougua akiwa kidato cha sita, na kilichonisaidia kuliko ushauri mwingi niliopewa ni kujua ubongo wake unafanya nini na sauti.

Ubongo hauisubiri sauti, huibashiri. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Risto Näätänen wa Finland na wenzake walieleza namna ya kulipima jambo hilo. Mtu huvishwa kofia yenye vihisio vya umeme wa ubongo, kisha husikilizishwa mlio uleule, tena na tena, huku akisoma kitabu au akitazama filamu isiyo na sauti. Katikati hupenyezwa mlio tofauti, labda mrefu kidogo. Kati ya milisekunde 100 na 250 hivi baadaye, ubongo hutoa wimbi dogo la umeme, kana kwamba unasema: "mlio huu sikuutarajia." Hutoka hata kama mwenyewe hausikilizi mlio huo.

Kwa wengi wenye skizofrenia wimbi hilo ni dhaifu. Jambo hilo liliripotiwa mwaka 1991 na limeonekana tena katika tafiti nyingi tangu hapo. Upo pia upimaji wa milio miwili iliyoachana nusu sekunde. Kwa kawaida ubongo huupokea mlio wa pili kwa nguvu ndogo, kwa kuwa si mgeni tena. Kwa wengi wenye ugonjwa huu, wa pili hupokelewa karibu kama wa kwanza. Ni kama bawabu anayemhoji mwenye nyumba na kumwacha mgeni apite bila kumuuliza. Ndiyo maana nikiona feni imemchosha, siwezi tena kumwambia "mbona sisi hatusikii kitu".

Kwa wale ndugu zetu wanaosema kijana karogwa, nina hili la kuwaeleza. Watu wazima wenye afya wakipewa dozi ndogo ya ketamini, dawa ya usingizi ya hospitali, katika utafiti, wimbi lilelile hupungua kwao. Dawa hiyo huzuia vipokezi vya glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Ni mambo ya kemia ya ubongo, na yanastahili hospitali.

Msihangaike kutafuta kipimo hicho cha wimbi la ubongo, lakini. Matokeo yake kwa mtu mmojammoja hayatoshi kuthibitisha ugonjwa. Badilisheni mambo ya nyumbani.

Kwetu, kabla ya kuwasha jenereta au kupigilia msumari, mtu anakwenda kumwambia: "Kaka, nawasha jenereta sasa hivi." Sauti iliyotangazwa inampa unafuu kuliko inayomwangukia. Ukiwa na neno la maana, zima redio na televisheni kwanza, aseme mtu mmoja. Mikutano ya familia ambayo shangazi watatu wanasema kwa pamoja inamchosha mno, kwa hiyo mama huzungumza naye pembeni.

La sauti yetu wenyewe ndilo ninalotaka mlishike zaidi. Wengi wenye skizofrenia hupata shida kutofautisha milio inayokaribiana, na shida hiyo inaendana na ugumu wa kutambua hisia katika sauti ya anayesema. Sisi tunategemea sana kiimbo: "haya bwana" inaweza kuwa ridhaa, inaweza kuwa hasira. Yeye huenda asiipate tofauti, au aipate vibaya. Basi taja hisia kwa maneno. "Nimechoka, sijakukasirikia." "Natania." Ugomvi mwingi nyumbani kwetu uliisha hapo, na ninaamini ungeisha kwenye nyumba nyingi.

Hakuna lolote kati ya haya linalochukua nafasi ya dawa. Siku ya kliniki, mweleze daktari kwa undani: ni sauti gani iliyomsumbua, saa ngapi, alilalaje usiku wake, alikunywa dawa au hakunywa. Tena tenganisha kelele ya kweli iliyomchosha na sauti anazozisikia peke yake. Hizo za pili zikiongezeka, au zikimwamrisha ajidhuru au amdhuru mtu, usingoje tarehe ya kliniki; mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mtu asimwache peke yake.