Chati ya urefu shuleni ni ya watoto wa wapi?

Mama Shiru, umeuliza kama chati waliyotumia shuleni kumwita binti yako wa miaka 8 "mfupi" ni ya watoto wetu au ya Wazungu. Una haki ya kushuku, lakini kwa nusu tu.

Ile ya chini ya miaka 5, iliyo kwenye kijitabu cha mama na mtoto, Shirika la Afya Duniani liliitoa 2006 baada ya kupima watoto wa nchi 6. Afrika iliwakilishwa na Accra, Nairobi haikuwemo. Ya miaka 5 hadi 19 ilitoka 2007, na msingi wake mkubwa ni takwimu za zamani za watoto wa Marekani. Hiyo ndiyo ya Shiru.

Hata hivyo, sentimita 120 alizopimwa Shiru si balaa. Wastani wa wasichana wa miaka 8 ni karibu 127, na mstari wa kudumaa (chini yake mtoto huhesabiwa mfupi mno kwa umri wake) uko karibu 115. Yuko juu yake vizuri tu.

Mpime tena mwenyewe: viatu nje, visigino ukutani, kitabu kigumu kichwani, alama ya penseli. Na kama amesukwa, fumua kwanza, rasta zinadanganya!

Kipimo kimoja hakisemi mengi. Rudia baada ya miezi 6. Umri huu huongeza kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akisimama palepale, mpeleke kliniki.