Msaada uandikwe kwenye ratiba ya zamu

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: wahudumu wanaobaki na kiwewe baada ya maafa wasaidiwe vipi? Mimi ni muuguzi huku pwani ya Kenya, na jibu langu ni kwamba msaada upangwe kabla ya maafa kutokea, uandikwe kwenye ratiba ya zamu: nani anapumzika lini, nani anashika nafasi yake, nani atamjulia hali. Tumezoea kumwambia mfanyakazi, "Ukilemewa, mshauri nasaha yupo." Aliyelemewa haendi.

Nilifanya kazi na mhudumu wa chumba cha maiti ambaye akifika kwake alivua nguo uani, akaoga kwa ndimu, na bado akakataa kumpakata mwanawe. Mkewe alidhani amepata mwanamke mwingine. Kazini alianza kuchelewa; msimamizi akamwandikia barua ya onyo. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Msimamizi huyo angefundishwa dalili, angejua kuwa kuchelewa kule kulikuwa kilio.

Sasa fikirieni Shakahola, msitu walikozikwa wafuasi wa mhubiri waliofundishwa kufunga hadi kufa. Tangu Aprili 2023 makaburi ya msitu ule wa Kilifi yalifukuliwa kwa awamu, na kufikia Julai miili ilikuwa imepita 400, wakiwemo watoto wengi. Kazi kama ile ina daktari na mpelelezi, lakini pia ina mshika koleo, dereva, mpiga picha wa polisi na mfagizi wa mochari. Mpango wowote usiowataja hawa kwa kazi zao utawasahau. Kibarua ndiye anayeniuma zaidi: mkataba wake huisha siku shimo la mwisho linapofukiwa, ilhali jinamizi huweza kumjia miezi baadaye, akiwa hana mwajiri wa kumwendea. Namba yake ya simu ichukuliwe siku ya kwanza, apigiwe baada ya mwezi, kisha tena baada ya miezi mitatu na sita.

Kuna jambo wakubwa hulipenda mno: watu wakalishwe duara, kila mmoja asimulie alichokiona, wanywe chai, kisha ripoti iseme wamepewa ushauri nasaha. Shirika la Afya Duniani linashauri kikao cha aina hiyo kisitumike kwa watu waliotoka kwenye tukio la kutisha, na vidonge vya kutuliza vya jamii ya benzodiazepini wasipewe kama tiba ya mshtuko wa mwezi ule wa kwanza. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao shirika hilo lilishiriki kuutoa mwaka 2011, una mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Hata dereva wa ambulensi anaweza kufundishwa hayo. Dalili zikipita mwezi bila kupungua, hapo anahitajika mtaalamu.

Mtaalamu huyo asiwe mtu wa ofisi ile ile, wala asipeleke maneno kwa bosi. Askari hatafungua kinywa akijua kesho atanyang'anywa bunduki na kukosa kupandishwa cheo.

Pesa zitengwe mapema. Kaunti inapopanga fedha za maafa, mshahara wa mshauri na siku za mapumziko zikae pamoja na mafuta ya magari na mifuko ya maiti. Na kama kuna kijana aliyeshika koleo Shakahola ambaye hajaulizwa hali yake mpaka leo, atafutwe.