Kabla ya kuuliza bei ya mwisho: kwa wanaoanza kukagua spoti za zamani Mombasa

Kila gari la spoti la zamani utakaloitwa kulikagua hapa Mombasa ni magari matatu. Kuna lile lililotoka kiwandani, kuna lile lililoandikwa kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki, na kuna hili unaloliona kwa macho, limefunikwa turubai chini ya mwembe kule Kizingo au Nyali. Kazi yako ni kujua kama hayo matatu ni gari moja. Yakikubaliana, bei inazungumzika. Yakitofautiana, kila tofauti inapunguza kitu, na zipo tofauti ambazo hazina punguzo: unafunga daftari, unaaga.

Nalitanguliza hili kwa sababu vijana wengi wanaoingia kazi hii huanza na bei. Mteja anawatumia tangazo kwenye simu, "Fundi, hii milioni nne ni halali?", na wao wanajibu hapo hapo. Usijibu. Kwanza omba picha tatu: namba ya chesisi, namba ya injini, na ukurasa wa logbuku wenye namba hizo. Mwenye gari akizituma bila maneno mengi, panda matatu uende. Akikuambia "njoo tu utaona", nenda pia ukipenda, lakini mteja akulipe nauli kabla.

Mji wetu una maradhi yake, nayo ni Safari Rally. Datsun zilitamba kweli: mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na 1600 SSS, 1971 akashinda tena na 240Z, na 1973 Shekhar Mehta akashinda na 240Z. Basi tangu hapo kila Datsun kuukuu Pwani hii "ilikimbia Safari", na hadithi hiyo huongezwa kwenye bei kama chumvi kwenye wali. Ile 240Z iliyoshinda 1971 yenyewe iko Japani, kwenye hifadhi ya magari ya Nissan kule Zama, kwa hiyo ukiambiwa iko Ganjoni, cheka kwa adabu.

Hata hivyo, usiidharau hadithi. Magari ya madereva wa hapa hapa yalikuwa mengi kwenye mashindano yale, na machache bado yapo. Ila gari lililokimbia huwa na makovu, na makovu ndiyo ushahidi. Inua zulia utafute matundu ya boliti za miguu ya keji, kile kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva gari likipinduka, hata kama yamezibwa. Tazama sehemu shokomzoba zinaposhikia kwa juu: mafundi wa rally waliongeza bati hapo na kuzungushia mshono wa welding. Angalia mbele kama kuna alama za mabano ya taa za ziada, na chini kama kuna mahali palipofungwa ngao ya kukinga injini. Kisha uliza picha ya zamani inayoonyesha namba ya usajili, ulinganishe na logbuku. Gari lenye stika za rally milangoni na sakafu isiyo na tundu hata moja limekimbia hadi kwa fundi wa stika, likarudi.

Sasa namba. Nitakaa hapa kwenye 240Z kwa kuwa ndiyo utakayoletewa sana, na kwa kuwa namba zake husema wazi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi, ukifungua boneti unaiona. 240Z ya usukani wa kulia huanza na HS30. Ikiwa ni HLS30, gari lilizaliwa na usukani kushoto, na mtu ameuhamisha. Ikiwa ni S30 tupu, bila H, hiyo ni Fairlady ya soko la Japani iliyotoka na injini ya lita mbili. RS30 ni 260Z, hata kama nyuma kuna chapa ya 240Z inayong'aa. Chapa hununuliwa kwa posta. Injini nayo: ya 240Z ni L24, ya sentimita za ujazo 2,393. L26 ni ya 260Z na L28 ni ya 280Z. Aina hiyo imegongwa kwenye bloku pamoja na namba, upande wa kulia, chini ya kichwa cha injini kuelekea nyuma. Huko huwa na mafuta na vumbi la miaka, kwa hiyo beba kitambaa, petroli kidogo, brashi laini, tochi na kioo cha mkono.

Niliwahi kukagua moja Tudor, kwa mzee mmoja mstaarabu sana, kahawa na kaimati vimeletwa kabla sijafungua boneti. "Mwanangu, gari hili halijaguswa," akaniambia. Nikafuta bloku taratibu, tochi mkononi, ikatoka L, ikatoka 2, halafu 6. Nikamwita, "Mzee, njoo utazame nami." Akainama, akanyamaza kidogo, akasema, "Ehe, kweli. Ile ya kwanza ilikufa Voi, nikatia nyengine. Nilikuwa nimesahau." Chesisi yake ilikuwa HS30 safi, herufi za kiwandani, rangi ya zamani juu yake haijakwaruzwa. Kwangu lile lilikuwa gari zuri. Injini iliyobadilishwa na kusemwa ni punguzo la bei na kazi ya kurekebisha logbuku, basi. Kwa jinsi mzee alivyojibu, niliamini na mambo mengine aliyonieleza, na mengi niliyakuta hivyo hivyo.

Namba iliyochezewa ni jambo jingine kabisa. Telezesha kidole juu ya namba: chuma cha kiwandani ni tambarare, na kilichosagwa kina bonde. Tazama kama herufi zimekaa mstari mmoja na kina kimoja, kama kuna mshono wa welding unaozunguka kipande cha bati chenye namba, kama rangi ya hapo ni mpya kuliko ya pembeni. Ukiona hivyo usianze kukadiria punguzo. Gari hilo laweza kuwa la wizi, laweza kuwa limezaliwa upya kwa karatasi za gari lililokufa, na mteja wako atakuja kuulizwa na polisi, na yeye atakutaja wewe.

Kwa magari mengine nitapita haraka. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973 zilitengenezwa 1,580 tu na namba zake za chesisi huanza na 911360. Umbo lake huigwa kuliko gari lolote ninalolijua, maana mkia wa bata na maandishi ya ubavuni ni kazi ya wiki moja gereji. Mercedes 280SL ile ya paa la kubonyea, ya 1968 hadi 1971, chesisi yake huanza na 113044, kisha tarakimu mbili: 10 ni usukani kushoto gia za mkono, 12 kushoto otomatiki, 20 kulia gia za mkono, 22 kulia otomatiki. Mtu akikuuzia "gia za mkono za kiwandani" na namba inasema 22, umeshapata la kuzungumza. Ford Escort za kwanza ndizo mbaya zaidi: ya 1300 ya kwenda sokoni hugeuzwa RS, ile ya kasi yenye bei, kwa injini, magurudumu mapana na mstari wa rangi. Mimi sina ugomvi na nakala. Nakala iliyojengwa vizuri hufurahisha barabarani kuliko nyingi za asili. Iuzwe kwa bei ya nakala tu.

Halafu kutu. Bara wanakagua injini kwanza. Sisi wa Pwani tunaanza na bati. Hewa yetu ina chumvi, na magari haya hayana chesisi ya kando, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Gari lililolala miaka ishirini mita chache kutoka baharini si sawa na lililolala Nakuru, hata kama yote mawili yamepigwa rangi mwezi uliopita. Kwa hiyo swali la mapema kabisa ni: limeishi wapi? Kwenye 240Z tazama chini ya betri, kwa sababu asidi na chumvi hushirikiana hapo. Tazama sakafu, boksi za chini zinazokwenda mbele hadi nyuma, pembe za chini nyuma ya milango, shimo la tairi la spea, na kingo za mlango wa nyuma. Sumaku iliyofungwa kitambaa laini ikishika paa na kukataa kushika chini ya mlango, hapo ndani kuna pati, na nyuma ya pati hakuna kitu.

Lala chini. Namaanisha lala kweli, beba mkeka. Bati la kiwandani limeunganishwa kwa vidoti vidogo vya duara vilivyopangwa kwa nafasi sawa, kama vimepimwa. Ukikuta mshono mrefu wenye matuta, hapo pamekatwa na kupachikwa. Ukikuta lami nyeusi mpya imepakwa chini pote na juu yake pamekauka vizuri, omba ruhusa ukwangue mahali padogo. Nimekuta mabati ya kuezekea yamepigwa ribiti na kufunikwa lami, na mwenye gari mwenyewe hakujua, aliuziwa hivyo. Gharama ya bodi huzidi ya injini mara nyingi. Injini za familia ya L zilitumika kwenye Datsun chungu nzima na spea zake hupatikana, lakini bati la pembe ya nyuma utaagiza ng'ambo, ulipie usafiri na ushuru, kisha utafute mkono wa kulichomelea.

Karatasi zina mtego wa kwetu Kenya. Gari lililosajiliwa hapa miaka ya 1970 huwa na namba ya mtindo wa zamani, herufi tatu na tarakimu zisizo na herufi ya mwisho. Mtindo wa KAA wenye herufi mwishoni ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Gari la 1972 lenye namba ya mtindo huo mpya inayoanza na KB au KC laweza kuwa halali, ila lina historia ya kueleza, kwani kiwango cha KS 1515 kinazuia kuingiza gari lililotumika likizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Lilikuwa wapi hadi lisajiliwe juzi? Uliza, kisha ufanye utafutaji wa NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kwa namba ya usajili ulinganishe jina, chesisi na injini.

Na kila baada ya Safari Classic, rally ya magari ya zamani, dalali mmoja atakuja na Porsche au Escort ya mgeni "iliyobaki". Magari ya wageni huteremka Kilindini kwa kibali cha muda, yatumike kwenye mashindano kisha yatoke. Bila karatasi ya forodha inayoonyesha ushuru umelipwa na gari limeruhusiwa kubaki, unauziwa ugomvi na KRA, watu wa kodi na ushuru. Bei yake nzuri ndiyo inayokuambia hivyo.

Tufike kwenye bei. Mwenye gari atakuonyesha simu: "Tazama, Marekani 240Z imeuzwa dola 310,000." Ni kweli, Januari 2020, mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer. Gari lile lilikuwa limetembea maili 21,000 hivi tangu liwe jipya. Hilo la kwako lina sakafu ya mabati. Bei ya mnada inafaa ukiitumia vizuri: tafuta zilizouzwa, achana na zinazoombwa, na utafute kadhaa za hali moja na gari lako. Hagerty, kampuni ya Marekani inayokadiria bei za magari ya zamani, hupanga hali kwa madaraja, la 1 likiwa la maonyesho na la 4 likiwa linalotembea lakini lina kasoro zinazoonekana, na karibu kila gari utakaloonyeshwa Mombasa kama la 1 ni la 3 likiwa na bahati. Kisha kumbuka kwamba soko letu ni dogo. Wanaoweza kutoa mamilioni kwa gari la milango miwili lisilo na eyakondishena, hapa Pwani wanajuana kwa majina.

Tuseme anaomba milioni nne. Unatafuta kwanza gari la namna hiyo likiwa zima lingeuzwa ngapi hapa nchini, kwa kuwauliza walionunua, maana waliouza huongeza. Tuseme ni tatu na nusu. Toa makadirio ya kazi ya bodi, yaliyoandikwa na fundi atakayeifanya, si ya kichwani mwako. Toa injini isiyo yake. Toa viti, saa na magurudumu yaliyopotea. Ukifika milioni mbili na laki moja, hiyo ndiyo namba yako, na atakapokuambia "nimetia milioni mbili ndani ya gari hili", muombe risiti. Zinasaidia kujua kilichofanyika. Hazipandishi bei.

Ripoti yako iwe na picha za namba zote, za chini, na za kila mahali sumaku ilipokataa, na umwandikie mteja kiasi cha kuanzia na kiasi cha kusimama. Mazungumzo mwachie yeye na mwenye gari. Akikubaliwa, amana iwe ndogo, na salio litoke baada ya uhamisho kuanzishwa kwenye akaunti ya NTSA ya mwuzaji, mbele ya macho ya mteja wako, logbuku ikiwa mezani.