Las Vegas Hakuna wa Kukuvuta Mkono

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa pembeni. Unasema kongamano linaisha Jumatano, wenzako wote wanaondoka, ndege yako ni Jumapili usiku, na katikati hapo umebaki na siku nne za Oktoba Las Vegas peke yako. Swali lako ni fupi: "Baba, wewe ulishakwenda. Mtu aliye peke yake, asiyecheza kamari, anafanya nini kule?"

Nikuambie kwanza jambo ambalo sijawahi kukueleza. Mama yako analijua, kwa hiyo usihangaike kumpelekea. Nilipokwenda, mimi pia nilijiita mtu asiyecheza kamari. Usiku wa kwanza nilishuka kutoka chumbani kutafuta chakula. Katika hoteli zile hufiki mgahawani, wala mlango wa nje, bila kukatisha ukumbi wa kamari, ndivyo zilivyojengwa. Nikasimama kwenye meza ya ruleti, ule mchezo wa gurudumu lenye namba, kutazama tu. Nikaweka dola kumi kwenye rangi nyekundu, nikashinda. Nikaweka tena, nikashinda tena. Dada mmoja akaniletea kinywaji, akaniambia ni cha bure. Ukumbini hamna dirisha wala saa ya ukutani. Nilipobanduka pale nilikuwa nimeliwa dola 460, chakula sijakitia mdomoni, na nje kumekucha.

Sikuwa nimelewa, na utajiri sikuutafuta. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na jibu langu ni moja: hapakuwa na mtu wa kunivuta mkono na kusema, "Haya, inatosha, twende tukalale." Ukisafiri na wenzako, mmoja atachoka, mwingine atasikia njaa, na wewe utaondoka nao hata kama hutaki. Ukiwa peke yako, kazi hiyo huna wa kumwachia.

Kwa hiyo, ushauri wangu wote umekaa hapa: kila siku uwe na miadi miwili yenye saa, na ikiwezekana uwe umeshailipia kabla hujafika. Tiketi ya saa mbili usiku ndiyo itakayokuvuta mkono. Basi la watalii linaloondoka saa moja asubuhi ndilo litakalokupeleka kitandani mapema.

Miadi ya kwanza iwe bwawa la Hoover. Najua utacheka, utasema mzee wa mabomba haachi maji yake. Lakini sikiliza. Bwawa liko kama kilomita 50 kutoka mjini, huhitaji kukodi gari. Yapo mabasi ya ziara yanayochukua watu karibu na hoteli. Ukuta wake una kimo cha mita 221. Walianza ujenzi mwaka 1931, wakauchepusha mto Colorado mzima kupitia mahandaki manne yaliyotobolewa kwenye mwamba, ndipo wakapata mahali pakavu pa kuweka msingi. Zege likiganda hutoa joto. Zege jingi kiasi kile, kama wangelimwaga kwa mpigo, lingechukua zaidi ya karne kupoa, na lingepasuka. Wakalimwaga kwa matofali makubwa, moja baada ya jingine, na ndani ya kila tofali wakalaza mabomba membamba ya kupitisha maji baridi. Zege likipoa, mabomba yenyewe yanajazwa saruji na kuachwa humohumo. Nilisimama juu ya ukuta ule nikaona aibu kwa kila tangi nililowahi kujisifu nalo. Kwa hesabu rasmi, wafanyakazi 96 walikufa kwenye ujenzi.

Tazama pia ile minara ya kuingizia maji. Mpaka wa Nevada na Arizona unapita katikati ya bwawa, kwa hiyo mnara wa upande mmoja una saa ya Nevada na wa upande wa pili una saa ya Arizona. Arizona hawasogezi saa zao majira yakibadilika, hivyo kipindi cha baridi hizo mbili zinapishana, na kipindi cha joto zinalingana. Oktoba utazikuta zinalingana. Mimi, niliyetoka kwenye ukumbi usio na saa hata moja, nilizipiga picha zote mbili. Nyuma ya ukuta, kwenye ziwa Mead, utaona mkanda mweupe kwenye miamba, kama alama ya sabuni kwenye beseni. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakifika zamani. Yamekuwa yakishuka tangu karibu mwaka 2000.

Kama ziara yako inapita Boulder City, shuka ule chakula cha mchana hapo. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa. Mwaka huohuo 1931 Nevada iliporuhusu kamari, serikali kuu ya Marekani iliizuia pale ili mishahara isiishie mezani, na mpaka leo hakuna kasino ndani ya mji ule. Huko ndiko nilikokula mlo wangu wa kwanza kwa utulivu katika safari ile.

Sasa mjini penyewe. Ile barabara ya mahoteli inayoonekana kwenye picha zote, inayoitwa Strip, sehemu yake kubwa haiko ndani ya manispaa ya Las Vegas. Iko eneo la Paradise, chini ya serikali ya wilaya ya Clark. Kwako haibadilishi kitu, ila ukisikia watu wanasema "downtown" ujue wanataja mahali pengine, kilomita kadhaa kaskazini. Itembee Strip saa kumi na mbili asubuhi. Utawakuta wanaofagia, wanaopakua mizigo, na wachache ambao bado hawajalala, wamebeba viatu mkononi. Usidanganywe na macho: majengo ni makubwa mno, hoteli unayoiona "hapo tu" inaweza kukugharimu nusu saa ya ngazi na madaraja ya juu. Vaa viatu vya kutembelea. Miguu ikigoma, kuna basi la ghorofa linaloitwa Deuce, usiku na mchana.

Chemchemi za hoteli ya Bellagio zitazame usiku, kisha ingia ndani uone bustani ya maua ambayo huibadilisha kila msimu. Vyote ni bure. Imetosha kuhusu hilo, maana kila mtu atakuambia.

Maonyesho ndipo aliye peke yake anapopata faida. Wanaokwenda wawili au wanne wanatafuta viti vilivyopangana. Kiti kimoja kilichobaki katikati, karibu na jukwaa, hawakitaki. Kitafute hicho. Wale watu wa sarakasi wa Cirque du Soleil wana maonyesho kadhaa katika hoteli tofauti, na moja pale Bellagio linachezwa majini, bwawa likiwa ndilo jukwaa. Nililitazama usiku wangu wa pili, badala ya ruleti, na nusu ya muda nilikuwa nahangaika kujua sakafu wanaipandishaje. Chakula nacho vivyo hivyo: omba kukaa kaunta. Hakuna anayekuonea huruma ukila kaunta peke yako, na mhudumu atakuambia mambo ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika.

Jioni moja iwe ya downtown. Kata tiketi ya Neon Museum mapema, maana wanaingiza watu kwa zamu, na chagua zamu ya usiku. Ni uwanja wa mabango ya zamani ya taa, yale ya hoteli zilizokwisha bomolewa. Lakini nataka ulitazame jengo la kuingilia, lile lenye paa kama kombe la baharini. Lilikuwa ukumbi wa mapokezi wa moteli ya La Concha, ya mwaka 1961, na aliyelichora ni Paul Revere Williams, Mmarekani mweusi. Mtu yule alijizoeza kuchora kichwa chini miguu juu, ili mteja mzungu asiyetaka kukaa naye upande mmoja aone nyumba yake ikitokea upande wa pili wa meza. Walipotaka kulibomoa jengo, mwaka 2006 walilikata vipande vinane wakalihamishia hapo.

Ukiwa umelishika hilo, utauelewa mji vizuri zaidi. Miaka ya 1950 mwimbaji mweusi Sammy Davis Jr. na wenzake walijaza kumbi za Strip, lakini wakimaliza kuimba hawakuruhusiwa kulala kwenye hoteli zilezile. Walirudi upande wa magharibi, walikotengewa weusi. Mwaka 1955 ikafunguliwa huko hoteli ya Moulin Rouge, kasino ya kwanza mjini iliyopokea watu wa rangi zote, nayo haikumaliza mwaka, ikafungwa. Tarehe 26 Machi 1960 viongozi wa weusi, baada ya kutishia kuandamana Strip, walikutana na wakubwa wa mji ndani ya jengo hilohilo, na ubaguzi kwenye hoteli ukakubaliwa kukomeshwa. Jengo halipo tena. Wewe utaingia kwa mlango wa mbele wa hoteli yoyote, na sitaki uingie bila kujua hilo.

Mob Museum ipo hukohuko downtown, ndani ya mahakama ya zamani ambako mwaka 1950 maseneta walisikiliza ushahidi kuhusu magenge ya uhalifu. Ni nzuri, ila usiiweke siku moja na mabango, utachoka. Fremont Street, barabara yenye paa la taa juu, pita tu utazame, mkoba ukiwa mbele.

Kuhusu Red Rock Canyon, miamba myekundu magharibi mwa mji: ni mahali pazuri sana, lakini kuanzia Oktoba unaingia na gari mchana kwa nafasi uliyoweka mapema. Na usiende kwa teksi ya kuita kwa simu. Kwenda utafika, kurudi, mtandao utakuangusha. Nenda na kundi lenye kiongozi, na maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji. Jangwa lile halikutoi jasho linaloonekana, linalikausha kabla hujaliona.

Nirudi kwenye meza, maana najua utapita hapo mara kumi kwa siku na sitaki nijifanye hutajaribu. Gurudumu la ruleti la Marekani lina vyumba 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Ukipatia namba moja, wanakulipa 35 kwa 1. Hapo ndipo mwenye meza anapokula: kwa wastani dola 5.26 katika kila 100 zinazowekwa. Siku hizi kuna meza zenye sifuri ya tatu, na hizo zinakula zaidi ya 7. Kwenye karata za blackjack, zile za kutafuta 21, soma maandishi ya kitambaani kabla hujakaa. Ukipata 21 kwa karata mbili za kwanza, meza ya 3:2 inakulipa dola 15 kwa dola zako 10, meza ya 6:5 inakulipa 12. Meza zinafanana, tofauti ni hicho kimstari.

Kama utacheza, weka pesa taslimu kwenye bahasha, kiasi ambacho ungelipia onyesho, uhesabu imeshakwenda. Kadi ya benki ibaki kwenye kasha la chumbani, maana mashine za kutolea pesa ukumbini zinatoza ada kubwa. Kinywaji cha bure kina dola moja ya yule anayekileta, na kina bei nyingine ambayo nimeshakusimulia.

Mengine kwa haraka. Hadi mwaka 2025 bei ya chumba kwenye intaneti iliweza kuiacha nje tozo ya hoteli ya kila usiku. Hata sasa, uliza jumla kabla hujalipa. Waliovaa mavazi ya kuchekesha barabarani wakikukumbatia kwa picha, watadai pesa. Anayekupa sidii "zawadi" naye ni hivyohivyo. Namba ya chumba usiitaje kwa sauti. Kinywaji ulichokiacha mezani ukaenda msalani, usikirudie. Haya ya mwisho ni ya mama yako, na ameniomba niyapigie mstari.

Kuna jambo moja sikulijua mpaka siku ya kuondoka. Nilifika uwanja wa ndege nimetulia, nimeshajisamehe zile dola 460, nikakuta mashine za kamari zimepangwa mpaka karibu na malango ya kuondokea, zinaimba. Nilikuwa na saa mbili za kusubiri na noti ya dola ishirini mfukoni. Jumapili ukishapita ukaguzi, nipigie simu. Nitakuwa macho, saa yoyote itakayokuwa huku, na tutaongea mpaka waite ndege yako.

Baba yako