Kwa nini kipimo cha selimundu kinaweza kubadilika mtoto anapokua

Ndugu uliyeuliza inakuwaje kipimo cha mtoto wa miezi miwili kionyeshe hana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), kisha akitimiza mwaka kionyeshe anayo: hakuambukizwa chochote hapo kati. Kwa miaka niliyofanya kazi ya maabara, wazazi wengi wameniuliza swali hilo, na jibu limo katika namna seli inavyozitumia jeni zake.

Kosa linaloleta selimundu liko katika jeni ya beta, kwenye kromosomu ya 11. Katika maandishi ya DNA, herufi A imekuwa T, GAG ikawa GTG, na asidi amino (kiungo cha kujengea protini) ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikawa valini badala ya asidi glutamiki. Mtoto aliyelirithi kwa baba na mama analo tangu mimba ilipotungwa, kwa kuwa kila seli inapogawanyika nyuzi mbili za DNA huachana, na kila uzi huwa kielelezo cha kuundia mwenzake mpya, kosa likiwemo.

Lakini kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni kusomwa ni jingine. Seli ya ini inayo jeni hiyo na haina haja nayo. Katika uboho, seli zinazokomaa kuwa chembe nyekundu huinakili jeni kuwa RNA, yaani nakala ya maagizo yake, ambayo ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, huisoma herufi tatu tatu hadi mnyororo wa protini ukamilike. Ila kwa kijusi, inayosomwa zaidi ni jeni jirani ya gama, isiyo na kosa hilo, na himoglobini yake huitwa ya kijusi. Mtoto akishazaliwa, jeni ya gama huzimwa polepole, kwa sehemu kubwa na protini iitwayo BCL11A, na beta hushika nafasi.

Katika kipimo cha darubini, tone la damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, likafunikwa kwa kioo chembamba. Chembe za mgonjwa mkubwa hujipinda na kuchongoka ncha. Za mtoto mchanga, zilizojaa himoglobini ya kijusi, zinaweza kubaki mviringo. Kwa hiyo jibu la "hasi" chini ya miezi sita mimi silitegemei, naomba elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, ambayo pia hutofautisha mgonjwa na mbebaji, yaani aliyerithi kosa kwa mzazi mmoja tu.

Dawa ya haidroksiyurea husaidia wagonjwa wengi kwa kuongeza himoglobini hiyo ya kijusi, na tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hupunguza BCL11A katika chembe nyekundu zinazoundwa, bila kuigusa herufi yenye kosa.